Nyuma ya Mtu wa Mwisho

Ukizaliwa Kenya, dunia inakupa miguu ambayo hukuiomba. Mwambie mtu yeyote mtandaoni kwamba unatoka Nairobi, na ujumbe wake wa tatu utakuwa swali: unakimbia marathoni? Hawaulizi kwa ubaya. Walimwona Eliud Kipchoge pale Vienna mwaka 2019 akimaliza kilomita 42 kwa saa 1:59:40. Walimwona Kelvin Kiptum kule Chicago mwaka 2023 akiweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35. Wakaamua kwamba sisi sote tulienda shule mbio, vitabu kwapani. Mimi shule nilienda na matatu, nimekalia sambaza.

Hizo ni mbio za lami, na lami ina huruma yake. Hatua ya elfu kumi inafanana na hatua ya kwanza. Kuna mbio nyingine ambazo Nairobi imezipenda sana miaka hii, za njia za porini: mawe, matope, mizizi, njia za ng'ombe, na hakuna hatua inayofanana na nyingine. Usidhani huko utapata pa kujificha na uraia wako. Mwaka 2023, Innsbruck, Austria, Patrick Kipngeno alishinda ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima. Ni wetu.

Mbio zangu zilikuwa za vilima vya Ngong. Unavijua. Unapanda 111 mjini, unashuka Ngong, unachukua boda hadi lango la msitu. Siku isiyo na mawingu unaviona kutoka jijini vimejipanga kama vifundo vya ngumi, ndiyo maana watu husimulia kwamba kuna jitu lililozikwa pale. Kutoka langoni, penye mitambo ya upepo ya kuzalisha umeme, hadi Kona Baridi upande wa pili ni kama kilomita kumi na ushei. Watu wengi wa wikendi hutembea upande mmoja tu. Wanahesabu vilima saba, wanapiga picha, wanateremka Kona Baridi, wanakunywa chai, wanarudi na gari. Hizi mbio zilikuwa za kwenda na kurudi, kilomita 21. Vilima saba vinakuwa kumi na vinne.

Kilele cha juu zaidi, Lamwia, kina mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Hapo ni kama Iten, mji ambao mabingwa huenda kufanyia mazoezi kwa sababu hewa yake ni nyepesi. Pumzi moja pale juu inakupa karibu robo tatu tu ya oksijeni ambayo pumzi hiyohiyo ingekupa Mombasa.

Kilichonipeleka huko ni kodi. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, maana yake naandika chochote kinacholipa: maelezo ya sofa, wasifu wa kazi wa watu wenye shahada ambayo mimi sina, hotuba ya bosi anayemwoza binti yake. Mteja mmoja alitaka makala ya maneno 800 kuhusu wafanyakazi wa kampuni yao waliokuwa wamejisajili kwa mbio hizo, iandikwe na mtu aliyekimbia nao. Walikuwa na namba moja ya kifuani iliyobaki. Malipo, shilingi 15,000. Sharti, mwandishi amalize, kwa sababu, alisema, nani anataka kusoma habari ya mtu aliyetolewa njiani? Kodi ya keja yangu ni 9,000 na ilikuwa imechelewa wiki mbili. Siku zilizobaki kabla ya mbio zilikuwa 17.

Nilijua hesabu inavyokaa. Mtu anayeanza kutoka sufuri anahitaji miezi. Mapafu na moyo hujifunza haraka kidogo, misuli inafuata, halafu kano, zile kamba zinazoshikanisha misuli na mifupa, zinakuja nyuma kabisa zikijivuta. Siku 17 hazibadilishi kano. Nikasema ndiyo, na ukiniuliza leo nitasema ndiyo tena. Elfu kumi na tano ni elfu kumi na tano.

Naishi Pipeline, Embakasi, ghorofa ya saba, na kama unaijua Pipeline unajua kwamba lifti ni kitu tunachokiona kwenye filamu. Maji yakipotea, na hupotea, unabeba mtungi wa lita 20 kutoka chini. Lita 20 ni kilo 20. Kwa hivyo sikutafuta uwanja. Nilifanya mazoezi kwenye ngazi, usiku, watu wakishalala, mara nane, mara kumi, mara kumi na mbili. Siku ya tatu soja wa ploti akanisimamisha na tochi.

"Buda, kwani umepoteza nini huko juu?"

Nikamwambia najiandaa kwa mbio.

"Na hizo mbio ziko ndani ya nyumba?"

Halafu orodha ya vifaa vya lazima ikaja kwa barua pepe. Maji lita moja na nusu. Filimbi. Koti la mvua. Simu yenye chaji. Chakula. Lile blanketi jembamba linalong'aa kama karatasi ya kufungia nyama choma, la kukukinga na baridi ukiumia. Viatu vyenye meno kwenye soli havikuwa lazima ila "vilipendekezwa sana". Nikaangalia bei ya jozi mpya. Ilizidi kodi yangu ya miezi miwili.

Nikaenda Toi nikapata raba za mtumba kwa 1,200, soli imelika upande mmoja na mtu ambaye, inaonekana, alikuwa akikokota mguu wa kushoto. Koti nikaazima kwa beshte yangu wa nduthi. Filimbi nikapewa na mtoto wa jirani, ya plastiki, rangi ya waridi. Blanketi ndilo kitu pekee nilichonunua kipya. Maji nikatia kwenye chupa mbili za soda ndani ya begi la laptopu, na chakula kikawa viazi vitamu vya kuchemsha.

Tangu hapo nikisikia mtu akisema "jiandae", nasikia bei. Maandalizi ni viatu, ni nauli ya kwenda kuiona njia kabla ya siku yenyewe, ni Jumamosi ambayo hufanyi kazi, ni usingizi wa saa nane. Watu niliosimama nao pale langoni Jumamosi hiyo ya Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye magoti, walikuwa wazuri, wacheshi, na walikuwa wamejiandaa tangu Januari. Sikuwaonea wivu. Niliona tu kwamba tumefika mstari mmoja kwa njia tofauti, na kilima hakitauliza.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba kupanda hakukunishinda. Kwenye mwinuko mkali karibu kila mtu hutembea. Hata wazuri hutembea, mikono wameegemeza kwenye mapaja, kwa sababu kukimbia pale kunakula nguvu nyingi na hakukufikishi mapema sana. Na kutembea juu nikiwa na mzigo mgongoni ni kitu ninachokijua. Kilima cha kwanza niliwapita watu wanne. Pipeline ilikuwa inanilipa.

Kuteremka ndiko kulikonimaliza. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja inajikunja ikikusukuma. Unapoteremka inageuka breki: inakaza wakati uzito wako unailazimisha irefuke, na kazi hiyo ndiyo inayochana nyuzi zake ndogondogo. Mwili hujifunza kuivumilia kwa kuteremka mara nyingi, lakini ngazi za saruji zilizopimwa zikalingana hazikunitosha. Ngazi zinashuka kwa adabu. Ngong inashuka kama mtu aliyesukumwa. Kilima cha pili nilianguka kwa matako. Cha tatu nilianguka tena, na raba za Toi zikajaa tope hadi nikawa natembelea chapati mbili.

Kilomita ya saba hivi, kiongozi wa mbio akatokea kwenye ukungu, yeye tayari anarudi. Alikuwa anateremka kwa vihatua vidogo vya haraka, karibu haonekani kugusa chini. "Kaza, bro," akaniambia, akapotea. Wakafuata wengine, na kila mmoja akanisalimia. Kuna fedheha fulani katika kutiwa moyo na watu 130 mfululizo.

Kule Kona Baridi, kwenye kituo cha kugeukia, muda wa mwisho ulikuwa saa mbili na dakika 15. Nilifika dakika nne kabla. Mwelekezi aliyeshika daftari akaangalia saa, akaangalia miguu yangu.

"Unaendelea ama unapumzika na gari?"

Nikachukua ndizi. Hapo ndipo nilipomwona mama mmoja wa miaka hamsini hivi amesimama nyuma yangu, koti la manjano, fimbo mkononi, begi la dawa mgongoni, mkono mmoja umeshika kitita cha vitambaa vyekundu. Nikadhani ni mwenzangu ambaye nilikuwa nimemtangulia. Nikafurahi kidogo, Mungu ananijua.

"Shikamoo mama. Na wewe unaendelea?"

"Ukiendelea, naendelea. Mimi ndiye mfagiaji."

Sikuwa nimewahi kusikia kazi hiyo. Mfagiaji wa mbio ni mtu ambaye kazi yake ni kuwa nyuma ya wote. Anatembea nyuma ya mtu wa mwisho, anahakikisha hakuna aliyeachwa amelala kichakani, na njia ikimaliza kutumika anafungua vitambaa vilivyofungwa kuionyesha. Haruhusiwi kukupita. Ukisimama, anasimama.

"Tangu kilima cha tatu niko na wewe," akasema. "Unapumua kama gari moshi."

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Ngong, kwa hivyo nikamwita mwalimu, naye akaniita kijana. Hakuniambia kwamba naweza. Aliniuliza kama nimekojoa tangu asubuhi. Nikasema mara moja. Akaniuliza rangi. Akaniuliza nimekula nini, nikamwonyesha viazi, akauliza chumvi iko wapi, kisha akatoa njugu za chumvi mfukoni akasimama pale hadi nilipomaliza kutafuna. Tulipoanza kuteremka Lamwia akanipigia kelele kutoka nyuma: "Usijilaze nyuma! Ukijilaza, kisigino kinateleza. Kunja magoti, hatua fupi, pita kwa upande kama mbuzi." Nikapita kama mbuzi. Sikuanguka tena isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ilikuwa haki yangu.

Kilomita ya 13 nilikaa kwenye jiwe bila kupanga. Miguu iliamua yenyewe. Upande mmoja, chini kabisa, Bonde la Ufa lilikuwa limefunguka kwenye ukungu, la kahawia, pana, halina haraka na mtu. Mwalimu naye akakaa kwenye jiwe lake.

"Mwalimu, nikikaa hapa kidogo itakuwaje?"

"Utakaa, nitakaa. Halafu utapoa, miguu itafunga, na tutaita watu waje watubebe. Ukitembea tutafika. Hiyo ndiyo hesabu yote."

Tukatembea. Kwa sababu mtu akiwa nyuma yako mahali ambapo humwoni usoni ni rahisi kusema ukweli, aliponiuliza ninafanya kazi gani nikamwambia, na aliponiuliza nilisomea wapi nikamwambia pia. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Kwa kawaida watu wakisikia hivyo husema moja kati ya vitu viwili. "Lakini utarudi," au wanakutajia tajiri fulani wa Marekani ambaye naye aliacha. Mwalimu hakusema hata kimoja. Alinyamaza kwa muda wa kilima kizima, kisha akauliza:

"Nani alikuja kukutafuta?"

Nikafikiria vizuri, kwa sababu lilikuwa swali la kweli. Salio la karo lilikuwa 64,000. Bila kulilipa hupati kadi ya mtihani, na bila kadi huingii ukumbini. Siku ya mtihani wa kwanza nilibaki hosteli. Ya pili, nikabaki. Marafiki waliandika wiki ya kwanza, "msee uko wapi", nikawajibu mambo yamekwama kidogo. Wiki ya tatu nikahama. Muhula uliofuata jina langu halikuwa kwenye orodha ya darasa. Hakuna aliyelifuta kwa ubaya. Mfumo ulikuwa na tarehe, tarehe ilipita, na mimi nikawa upande wa nyuma wa tarehe.

"Hakuna," nikamwambia.

"Mm," akasema mwalimu, kisha akafungua kitambaa kingine chekundu kutoka kwenye kichaka.

Nimeiwaza hiyo "mm" kuliko nilivyoyawaza mambo mengi niliyofundishwa kwa miaka miwili na nusu. Chuo changu na mbio hizi vilikuwa na vitu vingi vya kufanana: orodha ya vifaa vya lazima, ada, vituo, muda wa mwisho. Na sidai kwamba muda wa mwisho ni uonevu. Mwalimu mwenyewe aliniambia wazi kwamba saa tano zikitimu ataniongoza hadi kwenye gari, na hakunibebea hata chupa moja. Lakini waliopanga mbio walikaa mezani kabla ya siku hiyo wakakubaliana kwamba ni lazima kutakuwa na mtu wa mwisho. Hawakujua atakuwa nani. Wakamwekea mtu. Mahali kwingi nilikopita, mtu wa mwisho huwa anawashtua watu, kana kwamba foleni ilitakiwa kuisha bila kuwa na mwisho.

Na tunapozungumza kuhusu vijana wa rika letu, tunazungumza sana kuhusu kujiandaa. Kongamano baada ya kongamano, fulana kwa fulana: jiandae, jitume, soko halimngoji mtu. Sawa. Lakini kila mbio zitakuwa na watu walioanza na siku 17 na raba za Toi, kwa sababu ambazo ukizisikia ni za kawaida kabisa. Swali ambalo silisikii likiulizwa ni lile la mwalimu.

Nilimaliza kwa saa nne na dakika 51. Lango la upepo la kumalizia lilikuwa limeshatolewa hewa, limelala chini kama nyangumi. Wafanyakazi wa mteja wangu walikuwa wameshaondoka kwenda kula. Kijana mmoja alifungua sanduku alilokuwa amelifunga, akanivika medali, akalifunga tena. Mwalimu alivuka mstari nyuma yangu, akahesabu vitambaa vyake, akaniambia nitie miguu kwenye maji baridi na nile kitu chenye chumvi kabla sijalala. Tukaagana kwa mikono. Matokeo yalipotoka nilikuwa wa 137 kati ya 137. Jina lake halikuwemo, na yeye ndiye aliyekuwa wa 138.

Makala niliandika usiku huohuo. Mteja aliipenda, akakata aya moja tu, ya mfagiaji, akisema inapunguza nguvu ya ujumbe wa ushindi. Pesa ziliingia baada ya wiki saba. Kodi nilishaikopea kwingine.

Kinachofuata mbio za namna hiyo ukizikimbia bila miguu iliyozoea ni maumivu ambayo hayaji siku ileile. Yanapanda polepole, yanafika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na yanakaa pale kwenye misuli ya breki. Kupanda ngazi ningeweza. Kushuka, hapana. Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa nashuka ghorofa saba kinyumenyume, nimeshika ukuta, watoto wananicheka, na nilipofika ya nne paja likakataa. Nikakaa kwenye ngazi.

Mlango wa karibu ukafunguka. Ni wa kijana mmoja tunayesalimiana tu, yuko mwaka wa pili, huwa namwona asubuhi na begi. Siku hiyo alikuwa na ndara na karai la nguo. Katikati ya muhula.

"Niaje. Leo huna klasi?"

"Ah, si unajua. Mambo yamekwama kidogo."

Sentensi hiyo naijua. Nikamwomba akae. Nikamuuliza ni pesa ngapi na mwisho ni lini, akanitajia vyote viwili kwa haraka, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. Pesa sikuwa nazo, nikamwambia hivyo. Lakini nikamwambia pia kwamba kuna kitu kinaitwa kuahirisha masomo, ambacho mimi nilikuja kukisikia mwaka mmoja baada ya kutoka: unaandika barua kabla ya tarehe kupita, na wakikubali, nafasi yako inabaki yako hadi utakaporudi. Kuna ofisi. Kuna fomu.

"Sijui hata nianzie wapi," akasema.

Alhamisi tulienda pamoja. Kwenye ngazi alinitangulia, halafu akawa anasimama kila ghorofa kunisubiri.